Taka Kuwa Umeme: Mbalizi Ipige Hesabu ya Pumba Kwanza

MBALIZI

WENYE mashine za kukoboa mpunga na kupasua mbao kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia wamezoea kuhesabu pumba na maranda kuwa ni kero. Hurundikwa nyuma ya mashine, huchomwa moto, au hugawiwa bure kwa wachoma matofali. Lakini mipango ya serikali ya kugeuza taka kuwa nishati inaifanya kero hiyo kuwa bidhaa, na bidhaa haikosi bei. Swali kwa mwekezaji mdogo ni nani atakayefaidi bei hiyo.

Kumbukumbu za miaka 30 iliyopita zinaonyesha kwamba taka zote si sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulibuniwa mradi wa Taka Gas wa Dar es Salaam, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili kuzalisha gesi na umeme kutokana na taka za jiji. Kiwanda hicho hakikujengwa.

Wakati huohuo mambo yalikwenda vingine huko Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilifunga mtambo wa megawati 2.5 mwaka 1995, unaotumia mabaki ya miti yake. Mvuke ulitumika kiwandani, na umeme uliozidi ukauzwa TANESCO.

Tofauti iko kwenye malighafi. TANWAT ilikuwa na miti yake, mabaki ya aina moja, na matumizi ya mvuke palepale. Taka za mjini zina maganda ya ndizi, mboga na maji mengi, hivyo moto mwingi huishia kukausha taka zenyewe. Jirani zetu wa Ethiopia walizindua mtambo wa Reppie, Addis Ababa, Agosti 2018, wenye uwezo wa megawati 25 na gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Mtaji wa namna hiyo ni wa serikali. Si wa mfanyabiashara wa Mbalizi.

Sheria nayo imefungua mlango

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliweka jukumu la taka mikononi mwa halmashauri. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulitokana na sheria ya mwaka 2005. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ikafuata, na mzalishaji wa chini ya megawati 1 akasamehewa leseni ya uzalishaji, ingawa anapaswa kujisajili EWURA. Aidha, uliandaliwa mkataba sanifu wa kuiuzia TANESCO umeme kwa miradi isiyozidi megawati 10. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, kilisaini mwaka 2009 kwa umeme wa mabaki ya miwa, na TANWAT ikafuata mwaka 2010.

Hesabu ya gunia

Mpunga ukikobolewa, takriban kilo 20 katika kila kilo 100 ni pumba ngumu, mbali na zile laini za mifugo. Mtambo mdogo wa gesi ya pumba hula kilo 1.5 hadi 2 kwa uniti moja ya umeme. Kwa hiyo mtambo wa megawati 1 ukifanya kazi usiku na mchana unahitaji tani 36 hadi 48 za pumba kila siku. Hizo ni pumba za tani 180 hadi 240 za mpunga kwa siku, msimu na nje ya msimu. Hakuna mashine ya mtaani inayofikia kiasi hicho.

Lakini mtambo wa kilowati 50 ukiendeshwa saa 10 kwa siku unahitaji kilo 750 hadi 1,000 tu, yaani pumba za tani 4 hadi 5 za mpunga. Kiasi hicho kinaweza kupatikana kwa mashine chache zilizopakana. Faida yake si kuuza umeme kwa gridi, bali kupunguza bili ya mashine zenyewe.

Usafiri ndio unaokula faida. Pumba ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hivi. Lori lenye nafasi ya mita za ujazo 30 hujaa likiwa na tani 3 tu. Ndiyo maana pumba haziwezi kwenda mbali bila kushindiliwa kuwa mkaa mbadala. Soko la mkaa huo lina nafasi ya kukua, kwani Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034.

Mnunuzi mwingine anayewezekana ni tanuri la saruji. Kiwanda cha Hima, magharibi mwa Uganda, kilichanganya maganda ya kahawa katika moto wake ili kupunguza mafuta ya kununua. Kiwanda cha saruji cha Songwe kipo jirani na Mbalizi, hivyo umbali si kikwazo.

Tahadhari

Anayetaka kuwekeza asipige mahesabu kwa kudhani pumba zitabaki bure. Siku mnunuzi mkubwa akifika, mchoma matofali naye atalipishwa, na mtambo usio na mkataba wa malighafi utazimika kabla ya mkopo kulipwa. Mwenye mashine naye asifunge mkataba wa miaka mingi kwa bei moja kwa sababu tu leo anatupa. Apime kwanza kwa mizani, kwa msimu mzima, anazalisha magunia mangapi ya pumba. Kisha aongee na jirani zake kabla ya kuongea na mnunuzi.