Je, Wajua? Darubini Haipimwi kwa Kukuza

Je, wajua kwamba darubini iliyoandikwa "hukuza mara 500" kwenye boksi lake inaweza kukuonyesha ukungu mtupu? Kinachohesabika ni upana wa lenzi au kioo kinachokusanya mwanga. Gizani, mboni ya jicho hufunguka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 70 hunasa mwanga mara 100 zaidi, lakini kikomo chake cha kukuza ni kama mara 140 tu.

Nazo zatosha kabisa! Mwaka 1610 Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi. Pete za Zohali huanza kuonekana ukifika mara 30, na anayeziona mara ya kwanza hazisahau.

Ukinunua, jali pia miguu imara. Ikitikisika, nyota hucheza. Simama kwenye udongo au nyasi, kwani saruji iliyoshinda juani hutoa joto linaloivuruga picha. Zima taa, subiri dakika 20 macho yazoee giza. Mchana, usiielekeze darubini kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu mbele yake: jua hupofusha papo hapo.