Jiko la Unga wa Mbao Linapogoma Wakati wa Baridi

Nyinyi mliozaliwa Mombasa, Garissa na Lodwar, ambao kila Julai huingia darasani mmejifunga taulo shingoni kama wachezaji ndondi, makala haya ni yenu pia. Huku kwetu Nyahururu, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa shadidi, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na manyunyu hayana adabu. Huo ndio wakati ambao jiko la unga wa mbao huamua kugoma. Linafuka moshi, linazimika, mama analaani, watoto wanalala na njaa. Nimekulia kando ya jiko hilo, na tangu nianze kusoma Fizikia nimekuwa nikilichunguza kama fundi wa redio. Nitaeleza niliyoyaona.

Jiko lenyewe si mtambo wa ajabu. Ni debe la lita 20 lililotobolewa tundu moja ubavuni, karibu na kitako. Unasimamisha chupa au kipande cha bomba katikati, unapitisha kijiti kinene kwenye lile tundu mpaka kigusane na chupa, kisha unamwaga unga wa mbao kidogo kidogo huku ukishindilia kwa mchi. Debe likikaribia kujaa, unaizungusha chupa polepole na kuichomoa, unachomoa na kijiti, na hapo inabaki njia ya hewa inayoingia chini na kutokea juu. Moto huwashwa chini. Hula ukuta wa unga kutoka ndani kuelekea nje, na tundu la kati huzidi kupanuka. Likishindiliwa sawasawa, debe moja huivisha githeri, likachemsha chai ya jioni na maji ya kuoga bila mtu kuongeza hata kijiti.

Likigoma, watu husema, "Ni baridi hii." La hasha! Baridi inasingiziwa tu. Hewa moto hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko ile baridi inayoizunguka, na kadiri tofauti ya joto inavyozidi ndivyo inavyopanda kwa nguvu na kuvuta hewa mpya kupitia tundu la chini. Kwa hivyo Julai ingefaa kuwa mwezi mzuri wa kuwasha jiko. Mwenye hatia ni mwenzake baridi, yaani unyevu.

Mti uliokatwa majuzi unaweza kuwa na maji yafikiayo nusu ya uzito wake, na msumeno haukaushi kitu. Unga unaotoka hapo ni mbichi kama mti wenyewe. Sasa kumbukeni tuliyofundishwa: kilo moja ya maji ambayo tayari yanachemka huhitaji juli 2,260,000 ili yageuke mvuke. Joto hilo linatoka wapi? Linatoka kwa huo huo moto wako mchanga. Badala ya kupasha sufuria, moto unafanya kibarua cha kukausha unga. Ukuta ukikosa joto la kutosha, hewa zinazotoka kwenye mbao haziwaki, zinapaa hivyo hivyo. Huo ndio moshi. Ukiona moshi mzito mweupe, jua unatazama kuni zako zikipotea angani kabla hazijakupikia.

Utajuaje kama unga ni mbichi? Wengi huuminya kwa kiganja: ukishikamana kama ugali ni maji, ukichuruzika kati ya vidole ni mkavu. Si njia mbaya, lakini asubuhi ya baridi vidole vyenyewe vimekufa ganzi, vitahisi nini? Mimi hutia konzi mbili katika chupa ya kioo iliyo kavu, naifunga vizuri na kuiweka juani. Ikikaa saa moja nikaona ukungu ndani ya kioo, unga huo haujawa tayari. Jua likikosekana kabisa, naianika chupa karibu na jiko linalowaka.

Kukausha ni kazi ya Januari na Februari, si ya Julai. Unga uanikwe juu ya turubai, ugeuzwe kwa reki, kisha utiwe katika magunia yaliyoinuliwa kutoka ardhini kwa mbao au mawe. Gunia likikaa chini kwenye sakafu ya udongo hunyonya maji kama utambi. Nikiwa shule ya msingi, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, unga uliadimika huku kwetu na watu wakawa wanachimbua marundo ya zamani nyuma ya viwanda vya mbao. Juu rundo ni kavu, unashangilia, lakini ukichimba shibiri mbili unakuta matope. Tangazo la kuondoa marufuku hiyo lilikuja Julai 2023, ila ile tabia ya kuchota unga wa chini ya rundo haijatuacha.

Unga ukiwa mkavu na jiko bado linasumbua, tazama lilivyoshindiliwa. Tofautisheni unga na maranda. Msumeno hutoa unga, randa ya seremala hutoa maranda, yale mavipande yaliyojikunja kama nywele. Maranda matupu hayashindiliki. Hewa hupenya kila mahali, debe zima linafuka kwa pamoja na kuisha upesi. Unga usiposhindiliwa vya kutosha nao huporomoka na kuziba tundu katikati ya mapishi. Hapo jamani, msichokoe huku mmeinama juu ya debe! Vumbi la mbao likirushwa juu ya makaa hulipuka mwali ghafla, na nyusi hazioti kesho yake. Epua sufuria, toa debe nje, liache lipoe, ulipange upya. Na mafuta ya taa yasikaribie jiko lililo moto, hata kwa kifuniko kimoja, kwa sababu mvuke wake unaweza kuripuka kabla hujarudisha mkono.

Mengine ni madogo. Majivu yakijaa kwenye tundu la chini, yakwangue. Sufuria ikikalia mdomo wa debe bila nafasi, iinue kwa vyuma vitatu, maana moto usio na pa kutokea hauna pa kuvutia hewa. Na maharagwe yakichelewa kuiva ilhali moto ni mwekundu, mwacheni jiko wa watu: katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hivyo maharagwe ya Nyahururu yatachelewa kuliko ya Malindi hata mkipikia stima.

Tukitajiwa stima, nimesoma kwamba Ulaya na Marekani unga huu huu hukaushwa mpaka maji yabaki chini ya asilimia 10, ukashinikizwa kuwa vitonge vidogo mfano wa chakula cha sungura. Jiko lao lina parafujo inayozungushwa kwa umeme, inasukuma vitonge motoni polepole, na feni inapuliza hewa. Theluji inaanguka nje, wao wamekaa ndani na fulana. Lakini siku likigoma, fundi wao anauliza yale yale ya kwetu: je, vitonge vimepata maji vikavimba na kurudi kuwa unga? Je, majivu yameziba matundu ya hewa? Je, bomba la moshi limeziba? Tena wao stima ikipotea, kwisha! Debe letu halijui habari za stima.

Hata hivyo bomba lao la moshi ni jambo ambalo debe letu halina, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Desturi yetu ni kuwasha debe nje, kungoja moshi upungue, kisha kuliingiza ndani na kufunga kila mwanya kwa magunia. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imeisha. Kumbe ukuta unaowaka mwekundu bila ndimi za moto, katika chumba kisicho na hewa ya kutosha, hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na akiutii usingizi huo anaweza asiamke.

Nyanya yangu alikuwa akiamka na kichwa kinachogonga kama ngoma. Alisema ni baridi, akanywa dawa. Kilichonitia shaka ni kwamba kichwa kiliacha kumuuma kila alipokaa shambani kwa muda, na siku alizolala kwa shangazi, ambako hakuna moto chumbani, hakikumuuma kabisa.

"Nyanya, hebu tuache dirisha wazi."

"Wee! Unataka baridi inimalize, mjukuu wangu?"

"Si wazi lote, nyanya. Upana wa kiganja tu wakati wa kupika. Na usiku jiko lilale nje."

"Joto lote hilo likalale na mbuzi?"

Ilichukua wiki mbili na sauti ya shangazi kumshawishi. Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, debe hutolewa nje na kuwekwa juu ya udongo mtupu, mbali na ukuta wa mbao. Mdomo hufunikwa kwa bati, na tundu la chini na kingo za bati huzibwa kwa matope ili moto ukose hewa. Unga uliosalia hutumika kesho. Maji ya mwisho yaliyochemshwa hutiwa katika chupa mbili zilizovikwa soksi kuukuu za sare yangu, moja miguuni pa nyanya, moja tumboni.