Nzi Anayependa Machozi

Nzi wa jikoni ana mistari minne myeusi mgongoni. Yule anayeng'ang'ania macho ya watoto huko Mashuuru, Kajiado, ana miwili, minene, na ugali wako hana haja nao. Wataalamu humwita Musca sorbens. Ndani ya nyumba haingii sana. Yeye ni wa juani: kisimani, malishoni, popote penye uso wenye majimaji. Watu humchanganya na binamu yake wa jikoni, wakadhani naye hutoka zizini, na hapo lawama zote huangukia ng'ombe.

Ukimnasa usoni kwa mtoto, yaelekea ni jike. Hang'ati. Mdomo wake hufyonza kama sifongo, na una vijimeno vya kukwaruzia tongo zilizokauka. Anatafuta protini ya kukomazia mayai, na protini hiyo iko kwenye machozi, tongo na kamasi. Akifukuzwa kwa mtoto mmoja hutua kwa wa pili, miguu na mdomo vikiwa vimebeba bakteria wa trakoma, ugonjwa ambao Tanzania wengi huuita vikope. Vidole, leso na shuka la kulalia pamoja hueneza vilevile, lakini nzi hachoki.

Mayai yakishakomaa anatafuta pa kuyataga, na hapa ndipo anaponishangaza. Kinyesi cha ng'ombe, ambacho zizini kimejaa tele, hakipendi sana, na nzi wanaotoka humo huwa wadogo kiumbo. Anachotaka hasa ni kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Kikitumbukia shimoni, hana habari nacho tena. Watafiti waliotega mitego kwenye vyoo vya shimo nchini Gambia walipata nzi wa aina nyingine, huyu hakuwamo. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba vijijini kulikochimbwa vyoo, nzi waliokamatwa machoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 30. Kunyunyiza dawa kuliwapunguza kwa asilimia 88, ila dawa sharti inyunyizwe tena na tena. Shimo likichimbwa limechimbwa.

Ndiyo maana hunikera mama wa Kimasai anaposimangwa eti macho ya wanawe yanauma kwa sababu anaishi karibu na mifugo. Kwa mfugaji, nzi ni dalili kwamba zizi lina mali. Mwenye kesi ya kujibu ni anayejisaidia nyuma ya kichaka, na mara nyingi si mama huyo peke yake, ni kijiji kizima ambacho hakuna aliyewahi kukisaidia kuchimba choo.

Trakoma ya mara moja hupona. Inayopofusha ni ile inayorudi mwaka baada ya mwaka. Ndani ya kope ya juu hubaki makovu, makovu hujikunja, kope hugeukia ndani, na kila mtu anapopepesa, nywele zake hukwaruza konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaobeba na kulea watoto. Wapo wanaotembea na kibano kidogo wakizing'oa nywele hizo moja moja. Hupata nafuu, kisha huota visiki vifupi vinavyochoma kuliko nywele za mwanzo. Konea ikishapata weupe, kuona hakurudi.

Kajiado imo katika orodha ya kaunti za Kenya zenye ugonjwa huu. Dawa ipo: azithromaisini, ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure mwaka 1998. Mtoto hapimwi kwa mizani. Husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, urefu wake ukaamua kipimo. Siku ya kugawa dawa utaona hema, fulana na kamera. Silanga, yaani bwawa la maji, lililojaa tope halina mtu wa kulizindua, na kaunti ni hiyohiyo yenye Kitengela, mji ambao maghorofa yake yana choo kila nyumba. Wengine wameweza: Ghana iliutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma, Shirika la Afya Duniani likathibitisha mwaka 2018. Malawi ikafuata 2022.

Kuhusu maji, pale Kongwa, Dodoma, watafiti walikuta wazazi wakiamini kwamba kunawisha watoto nyuso kunakula maji mengi, na maji yanatoka mbali. Kumbe lita moja hutosha watoto wengi, ukimimina kidogo kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi, juu ya dawa waliyopakwa, walipungukiwa na trakoma kali.

Mengine ya macho kwa haraka. Nywele zikishageukia ndani, upasuaji ni mdogo, kwa ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mtoto wa jicho hutolewa hospitalini, matone hayamyeyushi. Presha ya macho haiumi mwanzoni, kwa hiyo ukipita miaka 40 kapimwe, na mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Matone ya steroidi ya kujinunulia duka la dawa yanaweza kukuletea presha hiyohiyo. Fundi wa kuchomelea avae kioo cheusi, na msaidizi wake pia. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, usisugue, kisha hospitali.