Jina Lililofutwa Hudaibiya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, vijana wetu wanaosoma hutuuliza mara nyingi: mwanaadamu ameumbwa kwa ajili gani? Jawabu kila mtoto wa chuoni analijua, kuwa ameumbwa amwabudu Mola wake. Lakini baina ya kulijua jawabu hilo na kuishi nalo pana kizuizi, nacho ni nafsi inayopenda kutajwa. Mtu huanza jambo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kabla halijafika kati limekwisha kuwa jambo la jina lake.

Basi na tukitazame kisa cha Hudaibiya. Katika mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 6 wa Hijra (628), Bwana Mtume (S.A.W.) alitoka Madina pamoja na Waislamu wapatao 1,400, wamevaa ihramu na wanyama wa kuchinja wako mbele yao. Hawakwenda kupigana, walikwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia karibu na Makka, kisha wakampeleka Suhail bin Amri afanye sulhu.

Mwandishi alikuwa Seyyidna Ali. Alipoandika Bismillahir Rahmanir Rahim, Suhail alikataa, akataka iandikwe kwa desturi yao ya zamani: kwa jina lako, ewe Mola. Mtume akakubali. Ikaandikwa kuwa haya ndiyo aliyoafikiana Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu. Suhail akakataa tena, akisema lau wangemkubali kuwa ni Mtume wasingemzuia na Al-Kaaba. Seyyidna Ali hakuweza kulifuta neno lile. Mtume akaomba aonyeshwe mahali lilipo, akalifuta mwenyewe, na pakaandikwa Muhammad bin Abdillahi.

Hapa tusimame kidogo. Alichokiacha Mtume ni nini? Hakuacha utume, maana utume haukutoka kwa Suhail wala haukukaa katika hati. Wala hakuacha Tauhidi, kwani maneno yaliyoandikwa mahali pa Bismillahi nayo yanamtaja Mwenyezi Mungu. Alichokiacha ni heshima ya kutajwa kwa cheo mbele ya adui. Alichokipata ni vita kusimama kwa miaka 10.

Wala tusidhani lilikuwa jambo jepesi. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba atakayetoka Makka kuja kwa Waislamu bila ya idhini ya wenyewe arudishwe. Na pale pale akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhail, amesilimu, anaburura minyororo, naye akarudishwa. Seyyidna Umar alihoji kwa uchungu kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Baadaye alikuwa akifunga, akitoa sadaka na kuacha huru watumwa kwa maneno aliyoyasema siku ile. Mtume alipowaamrisha watu wachinje na kunyoa, hawakuinuka. Mama wa Waumini, Ummu Salama, ndiye aliyempa rai: atoke, asimsemeze mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, wote wakamfuata. (Wenye kudharau rai za wake zao na wakisome vizuri kisa hiki.)

Njiani kurudi Madina ikateremshwa Suratul Fat-h, na sulhu ile ikaitwa ushindi ulio dhahiri. Watu wakaingiliana bila ya khofu, wakasikilizana. Khalid bin Walid na Amri bin Al-As wakasilimu katika muda huo. Mwaka 8 wa Hijra (630), baada ya mkataba kuvunjwa na upande wa Makureshi, waliokwenda Makka pamoja na Mtume walikuwa 10,000. Suhail mwenyewe baadaye akawa Muislamu.

Tuliwahi kuitwa kuwasuluhisha ndugu wawili waliochimba kisima, sadaka ya marehemu baba yao. Waliacha kusemezana kwa sababu ya jina la nani litangulie juu ya jiwe la kisima. Mwaka mzima kisima kilikaa kimefunikwa, na majirani wanateka maji mbali. Siku ile mdogo wao akasema jiwe ling'olewe, lisiwekwe jina la mtu yeyote. Tuliuona uzito wa kauli hiyo usoni mwake. Jioni ile ile kamba na ndoo zikaletwa.

Na Seyyidna Ali naye yalimfika. Mwaka 37 wa Hijra (657), katika sulhu ya Siffin, watu wa Sham walikataa aandikwe Amirul Muuminina. Akaikumbuka siku ya Hudaibiya, akaamrisha cheo chake kifutwe.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi.