Tata hutatuliwa, fumbo hufumbuliwa

Ukiwauliza wanafunzi wa Kangari, huku juu kwenye majani chai ya Murang'a, maana ya maneno ya Kiingereza "ambiguous", "obscure" na "vague", wengi watakupa jibu moja kwa yote matatu: haieleweki. Jibu hilo hunisikitisha, maana Kiswahili hakijaishiwa hivyo.

Tazama sentensi hii: Wanjiru alimchumia Njeri majani. Je, alichuma ili Njeri apate majani, au alishika zamu ya Njeri aliyekuwa mgonjwa? Kiambishi -i- kinaruhusu yote mawili. Kila maana iko wazi. Ugumu ni kujua ipi imekusudiwa. Huo ndio utata, "ambiguous", neno ambalo asili yake ya Kilatini ni kusukumwa pande mbili. Tena utata hutegemea mahali. Mwambie mtu wa Lamu kwamba nyumbani kwenu hakuna mbuzi, huenda akauliza: wa kuchinjwa au ya kukunia nazi? Kangari hakuna minazi, na swali hilo halimjii mtu.

Fumbo ni jambo jingine. Mkulima anaposoma karatasi ya malipo iliyojaa vifupisho vya makato, kila kifupisho kina maana moja tu, ila yeye hakuambiwa. Maana ipo gizani, na giza ndilo lililozaa "obscure".

Sasa karani wa kituo cha kununulia chai aseme, "Leteni majani mazuri." Hapo hakuna maana mbili, wala hakuna kilichofichwa. Kinachokosekana ni mpaka: uzuri unaanzia wapi? Hiyo ni "vague", kutoka neno la Kilatini la kutangatanga. Sisi husema maneno ya jumlajumla.

Kinachonivutia zaidi ni dawa za hali hizi tatu. Kutata kuna kutatua, kufumba kuna kufumbua, kama vile kufunga kuna kufungua. Kauli ya jumlajumla haina kitenzi cha namna hiyo, nami naona ni haki: haina fundo la kulegeza wala kifuniko cha kuinua. Lazima mtu akae, apime, aweke mpaka ambao haukuwepo. Kwenye chai mpaka huo uliwekwa: majani mawili na chipukizi. Hata aliyeanza kuchuma leo anaweza kuyahesabu kiganjani.