MZEE WA BUKENE KATIKA KARAMU YA KICHINA

Wako vijana wetu ambao, wapatapo shahada au cheo, huwapeleka wazazi wao katika mikahawa mikubwa ya Kichina ya Dar es Salaam ili kuiadhimisha siku hiyo. Hatuoni kosa. Mtoto aliyesomeshwa kwa mpunga wa Bukene ana haki ya kumketisha baba yake penye meza bora kadiri ya uwezo wake. Neno letu ni juu ya jinsi mzee huyo anavyohudumiwa akisha kuketi.

Bukene, katika Wilaya ya Nzega, haikuwa kamwe nchi ya kujificha. Misafara ya Pwani na Unguja iliikanyaga Unyamwezi kwa miaka mingi, na reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita hapo. Mzee wa huko amezoea wageni. Wala kula pamoja si jambo geni kwake: katika vijiji vya kale vya Unyamwezi wanaume walikuwa na iwanza, nyumba yao ya kukutania na kulia chakula. Mtu wa Visiwani naye ana sinia lake. Kwa hiyo meza ya Kichina iliyo duara, yenye vyakula vya wote katikati, haiwatishi wawili hawa. Tena Wachina humweka mkubwa mahali pa heshima, akielekea mlango, na wadogo humngoja aanze. Samaki huletwa mzima, kwa sababu jina lake kwa Kichina lasikika sawa na neno la ziada, nayo ni dua ya neema. Adabu hizo zote mzee anazifahamu bila ya mkalimani.

Linalomtatiza kwanza ni wali. Kwetu wali ndio karamu yenyewe. Kitoweo humfuata bwana wake. Katika karamu ya Kichina vitoweo hutangulia, na wali huja mwishoni katika kibakuli kidogo, kama kwamba umekumbukwa njiani. Mzee huungoja kwa adabu, nyama ikapoa.

Hilo ni dogo. Zito ni ile orodha ya vyakula, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kichina na Kiingereza tu. Mzee huuliza, "Mwanangu, hii nyama gani?" Mwana hajui, mhudumu naye hana hakika. Na mapishi mengi ya Kichina hutumia nyama ya nguruwe au mafuta yake, na mvinyo wa mchele hutiwa hata katika kuku. Mvisiwani, ambaye kwa kawaida ni Mwislamu, hawezi kula kwa kubahatisha. Mzee wa Bukene huenda naye ni Mwislamu, kwani dini hiyo ilifika Tabora pamoja na misafara, au huenda ana mwiko wa ukoo wake. Basi katika sherehe iliyofanywa kwa ajili yake, hunywa chai na kusema ameshiba.

Asiwepo wa kutuambia kwamba jikoni haiwezekani. Wahui, ambao ni Waislamu wa China, wana mapishi yao yasiyo na nguruwe wala pombe tangu karne nyingi.

Hatuna budi kuwaelekea wakuu wanaotoa leseni. Kiswahili ni lugha ya Taifa. Mkahawa unaofanya biashara katika nchi hii uandike kwa Kiswahili jina la kila chakula, aina ya nyama, mafuta yaliyotumika, na kama mna kileo. Gharama yake ni karatasi na wino. Nao wakuu wa idara wanaowaaga wastaafu katika meza hizo wawaulize wageni wao siku moja kabla, si mbele ya sahani, ni kipi wasichokula. Na yule wa Bukene aulizwe pia kama angependa wali wake uje mwanzo.