Mboga za Kupalia Makaa: Jiko la Kilosa (Sehemu ya Tatu)

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tangu hapo kila mkaa hutajwa kwa laana moja. Kilosa ina la kujibu.

Waliofuatilia mfululizo huu wanakumbuka jinsi miombo ya kati ya Kilosa na Mikumi ilivyofyekwa ovyo. Mradi ulioanza 2012, wa mashirika ya uhifadhi wa misitu TFCG na MJUMITA kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, ulileta utaratibu mwingine katika vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa. Msitu wa kijiji hugawanywa vitalu, na kitalu kikishavunwa hupumzishwa miaka 24. Kisiki haking'olewi! Huachwa kichipue, na chipukizi lenye mizizi ya mti mzima chini yake hukua upesi kuliko mche wa kupanda. Ushuru huingia mfuko wa kijiji, nao umesaidia kujenga madarasa na zahanati.

Basi anayemwaga makaa mekundu mara maharage yanapoiva anadharau subira ya miaka 24. Makaa hayo ni tanuri kamili. Bibi zetu wameyapalia juu ya mfuniko wa wali tangu zamani, mengi juu, machache chini. Oveni ya umeme hufanya kazi hiyohiyo kwa nyuzi 200.

Vitunguu vya Malolo, boga, karoti, biringanya na ngogwe hukatwa vipande, vya boga na karoti vikiwa vidogo zaidi kwa kuwa huchelewa kuiva. Hupakwa vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, chumvi kidogo na kitunguu saumu, kisha hutandazwa safu moja. Zikirundikwa, mboga hutoa maji na kuchemka. Baada ya dakika 30 hadi 40 kingo huwa za kahawia na utamu umekolea. Mafuta hayo machache yasiachwe: ndiyo yanayousaidia mwili kupata vitamini A kutoka kwenye boga na karoti.

Mwenye umeme na aoke kwa umeme. Anayenunua mkaa pale Mikumi amwulize muuzaji umetoka kijiji gani, na makaa ya maharage asiyamwage kabla mboga hazijapata zamu yake.